Pete ya Mdomo wa Karabini

Karabini ya baba yangu ilikuwa na pete ya chuma karibu na mdomo wa mtutu. Haikuwa pete ya urembo. Ilikuwa nene kama kidole gumba, na ubavuni ilikuwa na visi ndogo, skrubu ya kukaza. Ukilegeza visi, pete inateleza juu ya mtutu, mbele ao nyuma. Ukikaza, inabaki pale ulipoiacha. Kwa sababu ya pete hiyo baba aliheshimiwa, halafu akaogopwa, halafu akapigwa. Kwa sababu yake mimi leo ninalima mahali ninapolima. Watu wa kwetu, upande wa Wamaza, bado wanasema ile ni dawa. Nimechoka kuwabishia. Ninaandika ili anayetaka kujua ajue, na asiyetaka aendelee na dawa yake.

Majina siweki. Nilisoma mpaka darasa la ine tu, lakini ninajua kwamba jina likishaandikwa, mwenye jina anakuja kukuuliza mlangoni. Nitasema kazi ya mtu na alichofanya. Kwetu inatosha.

Karabini yenyewe ilikuwa ndogo, ya risasi nyembamba, ile ambayo ikilia inapasuka kama kijiti kikavu, haivumi. Baba aliipata kwa Mzungu mmoja mnunuzi wa pamba, aliyekaa Kasongo kabla mimi sijazaliwa. Baba alikuwa mpishi wake. Mzungu huyo hakuwa mwindaji. Nyama alinunua sokoni kama kila mtu. Jumapili, watu wakitoka misa, yeye alilala kifudifudi nyuma ya depo na kupiga risasi kwenye kipande cha karatoni. Anapiga, anakwenda kutazama, anarudi, anasogeza pete kiasi cha unene wa ukucha, analala tena. Baba alidhani jua limemwingia kichwani. Siku moja akatumwa kuleta ile karatoni, akakuta matundu yote yameingia ndani ya tundu moja, kama panya mmoja tu amepita hapo. Tangu siku hiyo hakumcheka tena. Mzungu alipoondoka kwenda kwao moja kwa moja, alimwachia baba karabini na karatasi yake ya ruhusa.

Mimi baba alinifundisha pete kwa likembe, kile kinanda kidogo cha ndimi za chuma kinachopigwa kwa vidole gumba. Alikuwa anapiga likembe jioni, si vizuri. Mama alikuwa anamwambia aache, mbwa wanalia. Aliniwekea likembe magotini, akapiga ulimi mmoja wa chuma.

"Unasikia?"

"Ninasikia, baba."

Akausukuma ulimi ule mbele kidogo kwa ncha ya kisu, akaupiga tena. Sauti ikashuka, ikawa nzito. Akaurudisha nyuma. Sauti ikapanda.

"Umeona nini?"

"Ulimi mrefu unatetemeka polepole. Mufupi unatetemeka mbio."

"Basi mutati wa bunduki nao iko ulimi," akasema. Alisema mutati, hakuwahi kusema mtutu. "Unafikiri chuma iko ngumu, haitikisike. Inatikisika. Jicho yako ndiyo haina mbio ya kuiona."

Alivyonieleza ni hivi. Risasi ikipasuka, mtutu mzima unatetemeka, na mdomo wake unapanda na kushuka. Risasi hazifanani kabisa, hata za pakiti moja. Hii ina nguvu zaidi kidogo, inatoka mapema, ile imechelewa. Moja inatoka mdomo ukiwa unapanda, nyingine ukiwa unashuka. Moja inakwenda juu, moja chini, na wewe unalaani mkono wako bure. Lakini katika kila kutetemeka kuna mahali ambapo mdomo umefika mwisho wa kupanda na haujaanza kushuka. Hapo unatulia, kama mtu mwenye mzigo aliyefika juu ya kilima, anavuta pumzi kwanza. Kazi ya pete ni kufanya risasi zitoke hapo. Uzito ukiusogeza mbele, mtutu unatetemeka polepole. Ukiurudisha nyuma, unatetemeka mbio. Basi unatafuta, kidogo kidogo, mpaka unapata. Na ukinunua risasi za aina nyingine, unatafuta upya, kwa sababu nazo zina mwendo wao.

"Bunduki inayokosa kila siku pahali pamoja haina ugonjwa," baba alisema. "Unalenga kando kidogo, imekwisha. Ile inayotupa moja huku, moja kule, hiyo ndiyo iko mgonjwa. Hiyo ndiyo pete inaponyesha."

Sasa nieleze shamba, kwa sababu bila shamba hadithi hii haina maana.

Kijijini kwetu, pale msitu unapoanza, kuna shamba la udongo mweusi ambalo hata mwaka wa jua kali linatoa. Makaku na nyani wakitoka msituni wanaanza hapo, halafu wanaingia mashamba ya wengine. Shamba hilo la ukingo halirithiwi. Linalimwa na mwenye bunduki ya mashamba. Huyo ni mtu aliyeshinda kupiga shabaha mbele ya kapita, ndiyo kusema mkuu wa kijiji, wakati mahindi yanaanza kukomaa. Akishinda, anafukuza makaku kwenye mashamba ya watu wote, na shamba la ukingo ni lake mpaka atokee wa kumshinda. Baba alilima hapo tangu mimi nikibebwa mgongoni. Mama alipokufa tulimzika mwisho wa shamba hilo, karibu na mchikichi.

Halafu vita ikafika. Sitaieleza vita yote. Kila mtu wa upande wetu wa Kabambare ana yake, na nyingine ni mbaya kuliko yangu. Watu wa silaha waliingia asubuhi. Siku chache mbele yake, baba aliposikia wako njiani, aliipaka karabini mawese, akaifunga ndani ya bashi, turubai la plastiki, akaichimbia kwenye kichuguu nyuma ya shamba. Walipokuja hawakutafuta nyumba kwa nyumba. Walikuja moja kwa moja kwetu. Mimi nilikuwa ndani ya mihogo, nimelala chini, nikaona aliyewaleta. Alikuwa kapita wetu, kijana bado wakati huo, ameachiwa kazi na mjomba wake. Alisimama njiani, hakuingia kiwanjani. Aliwaonyesha mlango wa baba kwa kidevu.

Komanda wao alivaa buti za mpira za manjano. Alimwuliza baba bunduki iko wapi. Baba akasema aliiuza Kasongo. Komanda akachukua mchi wa mama, ule wa kutwangia mihogo, akampiga nao mgongoni na mbavuni, akiuliza lile lile, polepole, bila hasira. Baba akajibu lile lile. Walipochoka wakachoma nyumba. Watu wakakimbia kuelekea Kasongo, nami nikakimbia kumfuata baba, na risasi ikanipata pajani kwa nyuma. Nani alipiga sijui. Huyo peke yake ndiye siwezi kumsema.

Baba hakufika Kasongo. Alikufa njiani, anakojoa damu, tukamfukia pembeni ya barabara kwa majembe ya kuazima. Nimerudi kutafuta mahali pale. Barabara imehama, majani ni yale yale kila upande.

Kasongo nilikaa miaka mingi. Nilisukuma baiskeli yenye mifuko ya mpunga na bidon, yale madumu ya mawese, kutoka mto Lualaba mpaka sokoni. Mguu wangu haupindi vizuri, lakini baiskeli inakushikilia wewe kama wewe unavyoishikilia. Huko nilioa mwanamke wa familia ya wakulima, wakristo, watu wa zamani wa Kasongo, na huko pia nilimwona komanda tena. Alikuwa na meza sokoni, anauza sabuni na sukari. Amenenepa. Mguuni ana kandambili. Akaniuliza, "Papa, sabuni? Hii inatoa povu mingi." Nilinunua sabuni. Nilitaka kumsikia akisema neno lingine, nijue kama ni yeye. Akasema, "Mungu akubariki, papa." Ni yeye. Bado yuko pale, upande wa wauza chumvi, na kila mtu wa Wamaza anayepita anamjua.

Tuliporudi kijijini, mimi na bibi yangu, ndiyo kusema mke wangu, kapita alikuwa ni yule yule. Alitukaribisha barzani vizuri, akatupa viti. Nikauliza habari ya shamba la ukingo.

"Ile iko ya mkwe wangu sasa," akasema. "Alishinda."

"Alimshinda nani?"

"Hakukuwa mwengine."

Watu wa barzani wakacheka kidogo, wakitazama chini. Mkwe mwenyewe alikuwa amekaa pale, mtu wa mabega mapana, na bunduki yake ya kutengenezwa na wahunzi, ile tunaita pupu, imelala magotini. Akasema, "Mzee, desturi inajulikana. Lete bunduki, siyo maneno."

Kapita akaamua, na hapo sitamdhulumu, aliamua mbele ya watu: nusu ya shamba tuilime mpaka siku ya shabaha. Nikishinda, shamba lote langu. Nikishindwa, tunatoka, na mahindi na karanga vya bibi yangu vinabaki mule vilivyo. Bibi yangu hakungoja maneno yaishe. Aliinuka kwenda kutafuta jembe. Alipanda mpaka karibu na kaburi la mama, akaliacha katikati ya duara safi, akapanda maboga kulizunguka.

Kichuguu kilikuwa kimekua. Nilichimba siku nzima, nikidhani mchwa wamekula kila kitu. Kitako cha mti walikila upande mmoja, chuma hawakukigusa. Bashi na mawese vilifanya kazi yao. Pete tu ndiyo ilikataa kusogea. Niliiloweka kwa mafuta ya pikipiki, nikaigonga kidogo kidogo kwa mpini wa jembe, mpaka ikalegea. Kitako nilichonga kingine. Risasi zilitoka kwa mfanya biashara wa Salamabila, anayewapelekea wachimbaji wa madini chumvi na betri. Aliniambia ni nzuri. Kila kitu kwake ni kizuri.

Hazikuwa zile za baba, na karabini haikuzipenda. Niliweka ubao kwenye ukuta wa udongo kando ya kijito, nikachora alama ya makaa, nikalala kifudifudi, mtutu juu ya mfuko wa pumba. Risasi zilipanda ubao kama ngazi: moja juu, moja chini, moja katikati. Kushoto na kuume zilikaa sawa. Ni kupanda na kushuka tu. Nikajua mkono wangu hauna kosa. Mdomo ndio uliokuwa unazitupa. Nikalegeza visi, nikasogeza pete mbele unene wa ukucha. Ngazi ikawa ndefu zaidi. Basi si huko. Nikairudisha nyuma, nikapita pale ilipokuwa kwanza.

Bibi yangu alikuja na kikapu cha mihogo, akasimama kunitazama. Mimi, mume wake, ananiita baba.

"Baba, hiyo bunduki unailinda ao unaiposa?"

"Ninaitafutia pahali."

"Mimi ulinitafutia pahali siku moja tu, ukasema imetosha."

"Weye hutetemeke."

"Unajuaje?" Akacheka, akaweka kikapu chini. "Haya, piga nione."

Nikapiga. Akaenda yeye kwenye ubao, kwa sababu mguu wangu ulikuwa umekufa ganzi. Akarudi akisema ngazi imekuwa fupi, kama kiti cha mtoto. Nikarudisha pete nyuma tena, kidogo sana, unene wa uzi. Nilipiga risasi nilizoweza kutoa, nikabakiza za siku yenyewe. Akaenda, akakaa pale ubaoni, halafu akaita kwa sauti, "Kuja na kifuniko cha bidon!" Nilipofika alikuwa ameshaweka kiganja. Kifuniko kiliyafunika matundu yote. Tukatazamana. Yakawa chini kidogo ya alama, na kuume, lakini yote pamoja. Hiyo ni kulenga kando tu. Nilikwaruza mtutu kwa msumari pale pete iliposimama.

Siku ya shabaha ina desturi yake. Bunduki zote zinalala kwa kapita usiku wa mbele, ili mtu asiende kuzifanyia dawa gizani. Nilimpelekea karabini jioni, pete juu ya alama yake, visi imekazwa. Asubuhi alizitoa barzani mbele ya watu, moja moja. Yangu ilipotoka, watu wakasogea kuitazama. Mbele ya pete, kwenye mdomo kabisa, kulikuwa kumefungwa kifuko cha ngozi kilichoshonwa, kimekazwa kwa kamba nyekundu. Nilikishika. Kilikuwa kizito kama yai la kuku.

"Nimefunga ile dawa ya marehemu kinywa," kapita akasema, si kwangu, kwa watu. "Kama bunduki iko safi, kifuko changu hakitaizuia kitu. Kama mwenyewe anaogopa, akifungue. Wote tutajua."

Nilisimama pale na bunduki mkononi. Nilimwona bibi yangu kati ya wanawake, ameshika mikono kifuani. Nikifungua kifuko, nimekubali kwamba pete ni dawa, na bunduki ya dawa haishindanishwi, shamba limekwenda. Nikikiacha, mtutu una uzito mpya mdomoni, unatetemeka polepole kuliko jana, na alama ya msumari haina maana tena. Kapita hakujua hayo. Alijua dawa tu. Mkono wake ulikuwa umepata mahali penye kuuma bila kujua kwa nini panauma.

Shabaha ilikuwa gunzi la hindi juu ya kijiti, mwisho wa kiwanja, mbali kiasi kwamba mtu akiwa pale hutambui sura yake. Kila mtu risasi tano. Mkwe alianza. Pupu ilivuma, moshi ukajaa, kuku wakakimbia. Gunzi halikutikisika. Alipomaliza, wazee walikwenda kutazama, wakaleta habari: punje moja ya risasi imelikwaruza.

"Imekwaruza ni imepiga!" mkwe akasema.

"Imepiga, ndiyo," mzee mmoja akajibu. "Kama mbu."

Nikalala chini. Ya kwanza nilisikia ikipita juu, ikakata jani la mgomba nyuma. Vicheko. Ya pili ilitoa vumbi chini ya kijiti.

"Mzee, lenga kuku basi!" mkwe akapaza sauti. "Kuku iko kubwa!"

Moja juu, moja chini. Nilikuwa ninangojea hilo. Kifuko kilikuwa kimeongeza uzito mbele. Lazima nitoe uzito nyuma. Kwa kiasi gani, hapakuwa na ubao wa kuniambia. Nikainuka magotini, nikamwita kapita kwa heshima yake yote.

"Kapita, kifuko chako sikigusi. Pete ya baba, ninaweza kuigusa?"

Akatabasamu. Yule mtu alikuwa na hakika. Kwake pete ilikuwa maiti tayari. Nani anakataza mtu kugusa maiti yake?

"Gusa, mwanangu. Gusa vile unataka. Imefungwa."

Nikalegeza visi kwa ncha ya kisu mbele ya watu wote. Nikairudisha pete nyuma, si unene wa uzi bali upana wa kidole, kwa kukisia. Nikakaza. Risasi ya tatu ilichana ganda la kijiti, chini ya gunzi, lakini si mbali. Nikairudisha tena unene wa ukucha. Watu walikuwa wamenikaribia. Hata mkwe alikuwa amesogea kuona mikono yangu. Ya nne ilipiga gunzi katikati, vipande vikaruka. Bibi yangu alipiga kigelegele peke yake, wengine bado. Ya tano sikugusa kitu tena, wala visi wala pete. Nilivuta pumzi, nikaitoa nusu. Gunzi lilivunjika, nusu ikaanguka.

Wanawake wakamjibu bibi yangu. Wazee walikwenda, wakarudi na vipande, wakaviweka mbele ya kapita. Yeye alivitazama sana. Mwisho akasema shamba ni langu. Alisema kwa sauti ya kusikika, na mkwe akaondoka bila kuchukua kiti chake.

Nilidhani watu wameona. Nilifanya yote mchana, mbele yao, kwa kisu na visi. Lakini jioni ile ile bibi yangu alirudi kisimani akicheka mpaka anashika ubavu. "Wanasema dawa yako imekula dawa ya kapita. Wanasema uliinong'oneza jina la marehemu baba yako kila ulipoinama."

"Na weye umesema nini?"

"Nimesema ndiyo. Nipate foleni fupi kisimani."

Kapita mwenyewe alikuja baada ya siku kadhaa, mchana, na jogoo mkononi. Alikaa, akasifu maboga, akasifu mahindi. Halafu akasogeza kiti.

"Mwanangu, ile kifuko ilitoka Salamabila, kwa mtu mwenye nguvu. Na imeshindwa. Niambie sasa. Ndani ya pete mliweka nini?"

"Hakuna kitu ndani. Iko chuma. Kifuko chako hakikushindwa, kilikuwa kizito tu."

Akatikisa kichwa kama mtu anayenyimwa maji. "Baba yako naye alinijibu vile. Nilimwendea nikiwa kijana, nikamwomba kwa heshima. Akacheka. Akaniletea likembe, eti nisikilize. Mimi, kapita, nikapigiwa likembe kama mtoto."

Sikuwa nimejua. Miaka yote nilidhani alimtoa baba kwa woga, ao kwa kujipendekeza kwa wenye silaha. Kumbe baba alimweleza ukweli wote, kama alivyonieleza mimi, kwa likembe ile ile, na huyu mtu akaona anadharauliwa.

"Ndiyo maana uliwaleta," nikasema.

"Nani?"

"Nilikuwa ndani ya mihogo. Uliwaonyesha mlango kwa kidevu."

Jogoo alijipigapiga, kapita akamtuliza kwa kiganja. Sikumwona akiogopa, wala akiona haya. Alikuwa anafikiri tu.

"Vita ilikuwa vita," akasema. Akaweka jogoo chini, amefungwa miguu, akaondoka. Jogoo nilimwambia bibi yangu amrudishe. Alimrudisha, akamwachilia kiwanjani kwake bila kubisha hodi.

Kapita, hakuna mahali pa kumpeleka ashitakiwe. Nimeuliza. Kabambare waliniambia nilete mashahidi. Mashahidi ni jamaa zake ao wamekufa. Basi nimemwandika hapa: kapita wetu, aliye kapita mpaka leo. Na komanda wa buti za manjano, muuza sabuni.

Msimu ule mahindi yalijaa. Makaku walijaribu upande wangu, nikamwangusha mmoja, wakajifunza. Wakazunguka kwa chini, kufuata kijito, wakaingia shamba la kapita. Ilikuwa saa sita, jua liko juu ya kichwa, mimi ninakula sombe, majani ya mihogo, na bugali mlangoni. Tulisikia bibi ya kapita akipiga sufuria na kupiga kelele.

"Wako ku shamba ya kapita," bibi yangu akasema.

"Nimewasikia."

"Na weye, baba?"

Nikaendelea kula. Yeye hakuwa mtu wa kusukuma. Alikaa mbele yangu, akatazama mahindi yetu, mstari kwa mstari, mpaka kule kwenye maboga.

"Bunduki ya mashamba iko ya mashamba yote," akasema polepole. "Usipokwenda, kesho watakaa barzani juu ya shamba hili. Na mkwe yuko tayari."

Nilimaliza sahani. Nikanawa mikono, nikapangusa, nikatoa karabini ndani, nikaangalia visi. Nikaenda. Sikukimbia.

Dume lao lilikuwa limekaa juu ya kisiki, linamenya hindi kwa adabu kama mtu mzima. Kapita alisimama njiani na rungu, anahema. Nililala chini penye matuta yake, nikapiga mara moja. Dume likaanguka upande wa nyuma, na wengine wote wakatimka kuelekea msituni, mahindi mikononi.

"Aksanti, mwanangu," kapita akasema.

Nilitembea kando ya shamba lake kutazama hasara, kama inavyonipasa. Upande wa kijito mistari ilikuwa imelala chini yote, magunzi yametafunwa nusu na kutupwa. Makaku wangemwachia kapita mahindi zaidi kama ningetanguliza bunduki kabla ya sombe.